Somo la Kumi na Nne: Maswali ya Mtoto na Imani ya Nyumba



Katika masomo yaliyotangulia tulisema juu ya sala ya jioni, na juu ya wajibu wa wazazi wa kuwafundisha watoto amri za Mungu. Leo twataka kusema na akina baba na akina mama juu ya jambo jingine, ambalo huingia nyumbani mwetu bila kubisha hodi. Nalo ni maswali ya mtoto aliyesoma.

Tazameni. Mtoto wenu amebatizwa, amepokea Komunyo ya kwanza, ajua Katekisimu kwa moyo. Kisha aingia shule ya sekondari. Siku moja arudi kwa likizo, aketi karibu na moto, naye asema: «Baba, mwalimu ametufundisha kwamba dunia ina umri wa mamilioni ya miaka. Mbona katekista alituambia kwamba Mungu aliiumba kwa siku sita?» Na kesho yake: «Mama, wenzangu wasema kwamba dini ni kitu cha Wazungu, waliileta ili watutawale.» Je, mtamjibu nini?

Baba wa kwanza hukasirika. Amfokea mtoto na kumwita mpagani. Baba wa pili hutunga jibu asilolijua, akisema kwamba waalimu wote ni waongo. Baba wa tatu hunyamaza, akitumaini kwamba neno hilo litapita kama mvua. Lakini halipiti. Mtoto aliyefokewa hujifunza kufunga mdomo tu. Swali labaki moyoni mwake. Mtoto aliyedanganywa atagundua uwongo siku moja, naye atasema: «Kama baba alinidanganya juu ya nyota, bila shaka alinidanganya hata juu ya Yezu.» Mtoto aliyenyamaziwa hudhani kwamba imani yetu haina jibu. Wote watatu waweza kwenda mjini na kuiacha Misa, nanyi hamtajua siku walipoiacha, kwa maana waliiacha hapo hapo karibu na moto wenu.

Basi, lipo jibu la nne, nalo ndilo somo letu la leo. Mtume Petro awaagiza Wakristu wawe tayari sikuzote kumweleza kila aulizaye sababu ya matumaini yao, tena kwa upole. Hakuwaagiza mapadri peke yao. Awaagiza na ninyi pia, katika nyumba zenu.

Sheria ya kwanza: usiseme uwongo kwa ajili ya Mungu

Mungu hahitaji uwongo wetu. Yeye ndiye aliyeumba dunia ichunguzwayo na wataalamu, na ndiye aliyetufunulia imani tuishikayo. Kweli mbili zilizotoka kwake haziwezi kupigana. Zikionekana kupigana, ama hatukuyaelewa vema Maandiko Matakatifu, ama wataalamu hawajamaliza kazi yao.

Neno hili si jipya, wala halikuanzia Ulaya. Mtakatifu Augustino, aliyezaliwa mwaka 354 na kufa mwaka 430, alikuwa Mwafrika, askofu wa mji wa Hippo katika nchi ya Algeria ya leo. Alipoeleza kitabu cha Mwanzo aliwaonya Wakristu wasiseme upuuzi juu ya mbingu, nyota na wanyama, huku wakidai kwamba wayatoa katika Maandiko. Kwa maana asiyeamini aliyesoma mambo hayo atawacheka; na akiisha kuwacheka katika jambo alijualo, atawaaminije katika ufufuko wa wafu na uzima wa milele? Miaka zaidi ya 1600 imepita, na onyo hilo lingali jipya. Wahenga nasi walisema kwa maneno machache: njia ya mwongo ni fupi.

Swali la kwanza: Je, elimu imemfukuza Mungu katika mbingu na dunia?

Elimu ya maumbile, ile tuitayo sayansi, hupima na kuhesabu. Huuliza: jambo hili hutendekaje? Kitabu cha Mwanzo hutuambia nani aliyeumba, na kwa nini: ya kwamba Mungu ni mmoja, ya kwamba jua na mwezi si miungu bali ni viumbe, na ya kwamba mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu. Siku zile sita hazikuandikwa ili kutupa hesabu ya miaka.

Wataalamu wasema leo kwamba ulimwengu una umri wa miaka miliardi 13 na zaidi, na miliardi moja ni milioni elfu moja. Wasema pia kwamba ulimwengu huzidi kutanuka, na kwamba zamani sana vitu vyote vilikuwa vimesongamana mahali padogo, katika joto kuu. Je, mwajua ni nani aliyekuwa wa kwanza kuieleza nadharia hiyo ya mwanzo? Alikuwa padri mkatoliki wa Ubelgiji, Georges Lemaître. Alizaliwa Charleroi mwaka 1894, akapewa upadri mwaka 1923, akafundisha katika Chuo Kikuu cha Louvain. Mwaka 1927 aliandika juu ya kutanuka kwa ulimwengu, na mwaka 1931 juu ya mwanzo wake. Hata Einstein, mtaalamu mkuu wa siku zile, hakukubali hapo kwanza. Mwaka 1965 ilitangazwa kwamba mabaki ya joto lile la kale yamegunduliwa angani, na Padri Lemaître alipata habari hiyo kabla ya kufa kwake mwaka 1966.

Lakini sikilizeni vema, kwa maana hapa pana hekima. Padri huyo hakupenda watu wachukue nadharia yake na kusema: «Tazama, sasa sayansi imethibitisha kitabu cha Mwanzo.» Alisema kwamba elimu ina njia yake, na imani ina njia yake. Sisi nasi tumwige. Usimwambie mtoto kwamba sayansi imethibitisha imani yote. Mwambie yaliyo kweli: padri huyu alisoma Misa na kuchunguza nyota, na moja halikumzuia kutenda la pili.

Habari hii haikukaa mbali nasi. Mwaka 1954 kilianzishwa karibu na Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, Chuo Kikuu cha Lovanium, kilicho mtoto wa kile cha Louvain. Mkuu wake wa kwanza alikuwa padri, Luc Gillon, mtaalamu wa elimu ya atomu. Na mwaka 1959 hapo chuoni pakawashwa mtambo wa atomu uliokuwa wa kwanza katika Afrika. Kama Eklezya ingeogopa elimu, je, ingeijengea nyumba?

Mtoto wako aweza kujibu: «Lakini Eklezya ilimhukumu Galileo.» Usikane. Ni kweli. Mwaka 1633 wakuu wa hukumu ya Eklezya huko Roma walimlazimisha mtaalamu Galileo akane kwamba dunia yalizunguka jua. Walikosa. Mwaka 1992 Papa Yohane Paulo II alikiri mbele ya wataalamu kwamba waamuzi wale walikosa. Mweleze mtoto pia kwamba Copernicus, ambaye kitabu chake juu ya jambo hilo kilitoka mwaka 1543, alikuwa mtumishi wa kanisa kuu la askofu. Kisha chukua chungwa na taa. Lizungushe chungwa polepole mbele ya taa, mtoto aone upande mmoja ukiingia mchana na upande wa pili ukiingia usiku. Mzazi asemaye, «Hapo wakubwa wetu walikosa,» ataaminiwa hapo asemapo, «Hapa twasimama imara.»

Swali la pili: Je, tumetoka kwa nyani?

Swali hili huwachoma wazazi wengi kuliko mengine. Wataalamu hawasemi kwamba sisi ni watoto wa nyani wa msituni wa leo. Wasema kwamba mwili wa mtu na mwili wa nyani una asili moja ya zamani sana. Eklezya haikatazi uchunguzi huo. Mwaka 1950 Papa Pio XII aliruhusu wataalamu wachunguze kama mwili wa mtu ulitoka katika viumbe vilivyotangulia. Ila alikumbusha kwamba roho ya kila mtu yaumbwa na Mungu mwenyewe. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II alisema kwamba elimu hiyo si ya kubahatisha tu.

Basi mwambie mtoto hivi: «Maandiko yasema kwamba Mungu alimfanya mtu kwa udongo. Udongo si kitu cha fahari kuliko mnyama. Ukuu wetu hautoki katika kile tulichofanyizwa, bali katika Yeye aliyetupulizia uhai na kutuita kwa jina.» Nyani hasali, hatubu, wala hasamehi. Mtu husali, hutubu, husamehe.

Tena usiishie katika maneno matupu. Mpe mtoto hindi moja lenye punje nyeupe na punje za manjano. Mwulize: «Mbona rangi mbili katika hindi moja?» Kisha msimulie habari za Gregor Mendel, mtawa wa Mtakatifu Augustino katika mji wa Brno, nchi ya Ucheki ya leo. Kuanzia mwaka 1856 alipanda njegere katika bustani ya monasteri. Alizalisha njegere laini na zilizokunjamana. Watoto wa kwanza wakawa laini wote. Akawapanda hao, akahesabu wajukuu: laini 5,474, zilizokunjamana 1,850. Mtoto agawanye mwenyewe hesabu hiyo, ataona kwamba ni karibu tatu kwa moja. Mendel alitoa habari hizo katika maandiko mwaka 1866, lakini hazikutiwa maanani mpaka mwaka 1900, naye alikuwa amekufa tangu mwaka 1884. Leo wote wachunguzao urithi wa viumbe humwita baba yao. Mtawa huyo alihesabu kazi za Mungu punje kwa punje, bila kuogopa hesabu hiyo itamfikisha wapi.

Swali la tatu: Je, Yezu aliishi kweli, au ni hadithi tu?

Katika baraza la kijiji, ushuhuda wa ndugu ni mzuri, lakini ushuhuda wa adui una uzito wa pekee, kwa maana adui hana sababu ya kukusaidia. Hata juu ya Bwana wetu tunao ushuhuda wa namna hiyo. Tacitus, mwandishi wa Kirumi, aliwadharau Wakristu. Lakini alipoandika habari za Kaisari Nero, karibu na mwaka 116, alisema kwamba jina lao latoka kwa Kristu, aliyeuawa kwa amri ya Ponsyo Pilato wakati wa Kaisari Tiberio. Mrumi mwingine, Plinio, mtawala wa nchi iliyo sehemu ya Uturuki wa leo, aliwatesa Wakristu. Karibu na mwaka 112 alimwandikia Kaisari kwamba watu hao hukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristu kama Mungu. Tena mwaka 1961 lilifukuliwa huko Kaisarea, katika Nchi Takatifu, jiwe lililochorwa jina la Pilato na cheo chake.

Je, mambo haya yathibitisha kwamba Yezu alifufuka? La. Jiwe laweza kutuambia kwamba Pilato alitawala. Haliwezi kutupa imani. Imani ni zawadi ya Mungu, nasi twaipokea kwa ushuhuda wa Mitume, waliosema kwamba walimwona hai. Lakini mtoto ajue kwamba hatuamini ngano za sungura na fisi. Twaamini mambo yaliyotendeka mahali palipo na jina, chini ya mtawala aliye na jina.

Swali la nne: Je, dini hii ni ya Wazungu?

Kwanza, mwambie mtoto kwamba Yezu hakuzaliwa Ulaya. Alizaliwa Asia, na alipokuwa mtoto mchanga alikimbizwa Afrika, katika nchi ya Misri. Mwaka 203, katika mji wa Kartago, nchi ya Tunisia ya leo, waliuawa kwa ajili ya Kristu wanawake wawili wa Afrika: Perpetua, mama kijana aliyekuwa na mtoto wa kunyonya, na Felisita, mtumwa, aliyejifungua gerezani. Clovis, mfalme wa Wafranki, waliotawala nchi za Ubelgiji na Ufaransa wa leo, alibatizwa karibu miaka 300 baada ya kifo chao. Majina ya akina mama hao wawili yamo katika Sala ya kwanza ya Ekaristi.

Pili, katika nchi yetu wenyewe, mfalme wa Kongo, Nzinga a Nkuwu, alibatizwa mwaka 1491. Mwanawe Afonso alitawala baada yake, na mtoto wa Afonso, Henrique, aliteuliwa askofu na Papa Leo X mwaka 1518. Na hapa tena, usifiche. Wareno waliokuja walikuwa wamebatizwa, na wengi wao walinunua na kuuza watu. Mwaka 1526 Mfalme Afonso alimwandikia mfalme wa Ureno akilalamika kwamba wafanya biashara wawakamata watu wake kila siku, hata wana wa wakubwa na jamaa zake. Mtoto akikuambia, «Wakristu waliuza watumwa,» mjibu: «Ndiyo, waliuza, na Mkristu Mwafrika aliandika barua kuwashitaki.» Dhambi yao haikutoka katika Injili. Injili ndiyo iliyowahukumu.

Tatu, msimulie habari za Mwenye Heri Isidore Bakanja. Alikuwa kijana wa jimbo la Equateur, akabatizwa mwaka 1906. Alikwenda kufanya kazi kwa Mzungu wa kampuni, msimamizi asiyependa kumwona mtumishi wake akisali na kuwafundisha wenzake. Msimamizi huyo alimwamuru aivue skapulari ya Bikira Maria aliyoivaa shingoni. Bakanja alikataa. Akapigwa kwa fimbo ya ngozi mpaka mgongo wake ukawa jeraha moja. Aliugua miezi mingi, akamsamehe aliyempiga, akaahidi kumwombea mbinguni, akafa tarehe 15 Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1994.

Kisha mwulize mtoto: «Mwanangu, katika habari hii, dini ni ya nani? Ni ya Mzungu aliyeshika fimbo, au ni ya Mwafrika aliyeshika skapulari?» Mwache afikiri, usimjibie. Hapo atajua kwamba dini si ya rangi. Ni ya yule aishikaye.

Namna ya kufundisha nyumbani

Labda mmoja wenu atasema: «Mimi sijui kusoma, nitaweza wapi mambo haya?» Mpenzi, wazee wetu walitunza habari za ukoo wote bila kitabu. Chagua habari moja tu kwa juma. Isimulie baada ya sala ya jioni, kama usimuliavyo habari za babu yako. Mwanao ajuaye kusoma akusaidie miaka na majina. Atafurahi kuwa mwalimu wako kidogo.

Mtoto akiuliza usilolijua, sema bila aibu: «Sijui. Jumapili tutamwuliza Padri.» Na Jumapili ikifika, mwulize kweli, mtoto akiwapo. Usiahidi na kusahau, kwa maana mtoto hasahau.

Mwisho, jueni kwamba majibu yote haya ni kama ua lizungukalo shamba. Ua hukinga mimea, lakini haliioteshi. Mtoto akisikia habari za Bakanja aliyesamehe, kisha akaona baba yake hasemi na jirani kwa miaka mitatu kwa ajili ya mbuzi mmoja, atamwamini nani? Jibu lililo la nguvu kuliko yote ni nyumba isaliyo, isemayo kweli, na isameheyo.

Maswali na majibu ya kurudia nyumbani

1. Je, yafaa kutetea imani kwa uwongo?
La, haifai. Mungu ni kweli, na uwongo huiharibu imani tunayotaka kuikinga.

2. Sayansi na imani zafundisha nini?
Sayansi yachunguza viumbe hutendaje. Imani yatufundisha nani aliyeviumba, na kwa nini.

3. Nani aliyeeleza kwanza nadharia ya mwanzo wa ulimwengu wenye kutanuka?
Padri Georges Lemaître, mwaka 1931.

4. Ni waandishi gani wasioamini walioandika habari za Kristu?
Tacitus na Plinio, Warumi.

5. Je, dini ya Kristu ni ya Wazungu?
La. Ni ya watu wote. Waafrika waliifia tangu karne za kwanza.

Kazi ya juma hili

Jioni moja, baada ya sala, zimeni redio na wekeni simu kando. Mwulizeni kila mtoto aliyefika umri wa kufahamu: «Ni neno gani la dini ambalo hulielewi, au huliamini bado?» Msikilizeni mpaka mwisho, pasipo hasira wala kicheko. Msipokuwa na jibu jioni ile, si neno. Mtoto atakuwa amejua kwamba katika nyumba ya Mkristu swali halipigwi fimbo.

Mwenye Heri Isidore Bakanja awaombee ninyi na watoto wenu. Juma lijalo, Mungu akipenda, tutasema juu ya kuchagua wasimamizi wa ubatizo.

Tumsifu Yezu Kristu. Milele na milele. Amina.